Siku ya Saba Tulirudi Nyuma

Tangu tutoke kambini asubuhi hiyo mama mkwe wangu hakuwa amesema neno hata moja, nami nilijua sababu. Au nilidhani ninaijua.

Alikaa nyuma yangu, upande wa dirisha, mtandio umemfunika pua na mdomo, macho yakiangalia nje. Katikati alikaa mwanangu wa mwisho, mwenye miaka sita, tunayemwita Spika kwa sababu ya sauti yake. Nyuma ya dereva alikaa dada yake wa miaka kumi na miwili, Mwalimu, jina alilopewa na baba yake siku aliyomsahihisha daktari mbele ya wagonjwa wengine. Na dereva alikuwa mume wangu, mikono yote miwili kwenye usukani, shingo imekaza kama mtu anayefanyiwa mtihani.

"Bibi, ng'ombe!" Spika akapiga kelele.

Bibi akatikisa kichwa.

"Bibi, ng'ombe wengine!"

"Ni walewale," Mwalimu akasema bila kuinua macho.

"Gari linakwenda, watakuwaje walewale?"

Siku nyingine mama mkwe asingewaacha ng'ombe wapite hivihivi. Angesema wamekonda, au angesema mwenyewe hana huruma, au angesimulia ng'ombe wa ujana wake ambao, kwa maneno yake, walikuwa wakipishana mlangoni kwa unene. Leo alikuwa kimya. Kila nilipogeuka kumwangalia alinikwepa. Nikajisemea, amesikia. Ametusikia asubuhi, na sasa ananinunia.

Wiki tatu kabla ya safari hii, mimi na mume wangu tuliketi mezani jikoni tukakubaliana kuachana. Hakuna aliyemtukana mwenziwe wala hakuna kilichovunjika. Nilikuwa nimepata barua ya kazi katika hospitali ya mji mwingine, mwendo wa saa nane kwa gari, kusimamia karakana ya meno ya bandia. Ndiyo kazi yangu: natengeneza meno. Tulizungumza kwa sauti ndogo watoto wasiamke, na mwisho wa mazungumzo ilikuwa hivi: mimi nitakwenda na watoto shule zikifungwa, yeye atabaki na mama yake. Kisha akaosha vikombe, mimi nikavifuta.

Lakini safari tulikuwa tumewaahidi watoto kwa miaka miwili, na mara mbili kazi yake ilikuwa imeivunja. Hatukuweza kuivunja mara ya tatu. Siku tisa, kambi nane, gari moja. Mume wangu, ambaye hawezi kununua mkate bila mpango, aliandika ratiba nzima akaibandika nyuma ya kiti. Siku ya saba iliandikwa: *Kufika ziwani. Kuogelea. Mazungumzo.*

Alinieleza sababu akiwa ameinamisha kichwa. Tukiwaambia siku ya saba, watabaki na siku mbili za kulia tukiwa wote wawili karibu. Nikakubali. Hata kwenye kuvunja nyumba alikuwa na utaratibu wake.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya saba.

"Baba," Mwalimu akasema, "hapa kwenye ratiba, baada ya kuogelea, umeandika mazungumzo. Mazungumzo gani?"

Mume wangu akabadilisha gia ambayo haikuhitaji kubadilishwa.

"Mazungumzo ya kawaida tu."

"Ya kawaida hayaandikwi."

Nikafungua dirisha kidogo, kisha nikalifunga.

Kosa lilitokea asubuhi, wakati wa kung'oa hema, na lilikuwa letu sote wawili.

Mume wangu ni fundi wa ndege. Katika karakana yao hakuna mtu anayemaliza kazi peke yake. Mmoja anasoma orodha, mwingine anaweka mkono juu ya kila kitu kilichosomwa na kusema, "Nimegusa." Si "nimeona." Macho, husema mume wangu, ni mavivu. Basi na sisi, kila tunapoondoka kambini, tunasoma orodha. Imechapwa kwenye kadi ngumu na kuwekewa plastiki, inaning'inia kwa kamba pembeni ya kioo cha mbele. Vigingi kumi na sita. Mtungi wa gesi. Sanduku la dawa. Yeye anasoma, mimi nazunguka gari nikigusa. Watoto walikua wakidhani familia zote hufanya hivyo.

Asubuhi hiyo tulikuwa tunakunja turubai, kila mmoja ameshika pembe zake, akaniuliza kwa kunong'ona, "Ni nani atakayeanza kuwaambia?"

"Wewe ndiye uliyeandika."

"Niliandika ili tusisahau."

"Tusisahau?" Nikaachia pembe zangu. "Kuna mtu anayeweza kusahau jambo hili?"

"Usipaze sauti."

"Sijapaza."

Kweli sikupaza. Lakini nilikwenda kuketi ndani ya gari, nikafunga mlango. Yeye akapakia vitu peke yake, nikisikia kila kimoja kikitua kwenye buti. Kisha akaingia, akawasha gari. Kadi ikaning'inia palepale, haikusomwa. Kwa miaka kumi na minne haikuwahi kutokea.

Tukasimama kunywa chai kwenye saa nne, mahali palipokuwa na kibanda cha kivuli na benchi mbili za saruji. Nilimimina chai kutoka kwenye chupa, nikampelekea mama mkwe pamoja na biskuti zake za tangawizi. Anazipenda kwa sababu ni ngumu. Huzivunja kwa meno, *kakata kakata*, akitutazama kama mtu anayeonyesha medali.

"Karibu chai, Mama."

Akapokea kwa mikono miwili, akageuka upande. Nikamwona akiiloweka biskuti ndani ya chai. Akasubiri. Akauinua mtandio kidogo, akaipitisha chini yake kwa haraka.

Nikasimama pale na chupa yangu. Kwa miaka minne aliyoishi nasi sijawahi kumwona akiloweka biskuti.

Watu wa kazi yangu hawatazami nyuso kama watu wengine. Sisi tunapima nafasi kati ya pua na kidevu. Na hata juu ya mtandio niliona nafasi hiyo imepungua, mashavu yamezama, kidevu kimepanda juu. Alikuwa hanuni. Alikuwa hana meno.

Nikaketi karibu naye, nikawapa wengine kisogo.

"Mama," nikamnong'oneza. "Kikombe?"

Macho yake yakajaa machozi mara moja, kama mtoto aliyekuwa akisubiri kuulizwa. Akaitikia kwa kichwa.

"Kimebaki kwenye karo?"

Akaitikia tena.

Kikombe hicho cha buluu, anamolaza meno yake usiku, ni namba kumi na tisa kwenye orodha yetu. *Kikombe cha Bibi.* Hakuna aliyewahi kuandika meno, kwa heshima. Mama huyu alizaa watoto sita na kumzika mumewe, lakini hata mwanawe huyu aliyekuwa pale na karanga mkononi hajawahi kumwona bila meno. Ni mimi peke yangu niliyemwona. Alikuja karakanani kwangu mara tano, akapanda ngazi polepole, akaketi kwenye kiti changu na kufumba macho. Mimi yuleyule ambaye siku ya posa alinikataa mbele ya wajomba zangu, akisema mwanawe ataoaje mwanamke anayeshinda na vinywa vya watu.

Nilimshika mkono. Akauacha.

Nikamfuata mume wangu kwenye gari. "Lazima turudi."

"Turudi wapi?"

"Kambini. Kumi na tisa imebaki."

Alinitazama, kisha akamtazama mama yake kwa mbali, kisha akaitazama kadi iliyokuwa ikining'inia. Nikaona rangi ikimpanda usoni. Kwa fundi wa ndege hakuna aibu kubwa kuliko hiyo.

"Kilomita sitini," akasema.

"Najua."

"Hatutafika ziwani mapema."

"Najua pia."

Tukatazamana. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi kutazamana bila kuwa na kitu mkononi cha kupeana. Ana mistari miwili midogo pembeni ya macho ambayo huonekana tu akiwa amechoka sana au anakaribia kucheka. Sikuweza kujua ni lipi.

"Watoto, ingieni!" akaita. "Tumesahau kitu."

"Kitu gani?" Spika akauliza, kwa sauti iliyosikika hadi barabarani.

"Kikombe."

"Kikombe tu? Si tununue kingine?"

Mwalimu alimwangalia bibi yake, akaangalia biskuti iliyolowa, akamziba mdogo wake mdomo kwa kiganja. "Ingia ndani ya gari," akamwambia, "usiulize." Nikampenda binti yangu kuliko siku zote.

Tulifika kambini saa sita kasoro. Viwanja vya mahema vilikuwa vitupu, majani yamelala pale tulipolala sisi. Watoto walibaki na bibi yao chini ya kivuli, mimi na mume wangu tukaenda kwenye karo. Hapakuwa na kikombe. Palikuwa na vipande vitatu vya buluu vimesogezwa ukutani kwa ufagio.

Nikachutama nikatafuta chini ya bomba, kwenye mfereji, kwenye majani. Mume wangu akachutama upande wa pili. Tulitafuta hivyo kwa muda, vichwa vyetu vikikaribiana na kuachana.

"Nilidhani amenuna," nikasema. "Nilidhani ametusikia, ameamua kunisusa."

"Na mimi nilidhani hivyo."

"Kumbe ana aibu tu, masikini. Hakuweza hata kuomba turudi."

"Ningesoma orodha..."

"Mimi ndiye niliyekwenda kuketi."

"Ningekuita."

"Ungeniita, ndiyo." Nikaketi juu ya ukingo wa karo. Sikuwa nimepanga kusema, lakini yalitoka. "Hata jikoni siku ile ungeniita. Ungesema kitu."

Akainuka, mikono imejaa majani makavu. "Nilisema nini siku ile?"

"Ulisema sawa."

"Wewe ulisema labda ukaishi huko."

"Labda. Nilisema *labda*. Nikanyamaza, nikasubiri. Ukafikiri kidogo, ukasema sawa, ukaenda kuosha vikombe."

"Mke wangu." Alikuwa anavikung'uta viganja vyake, taratibu, kimoja halafu kingine. "Miaka kumi na minne unasubiri zamu zangu ziishe. Nimekosa siku za kuzaliwa. Nikamleta mama nyumbani bila kukuuliza vizuri, hukulalamika. Halafu unaletewa barua, kazi uliyoitamani tangu nikufahamu. Nikuzuie kwa mdomo gani?"

"Sikutaka unizuie. Nilitaka unitake."

Akaacha kuvikung'uta viganja.

"Neno moja tu nilikuwa nalisubiri pale mezani," nikasema. "Usiende. Ningebishana nawe, ningeweza hata kwenda. Lakini ningekuwa nimelisikia."

"Na mimi," akasema polepole, "nilikuwa nasubiri uniulize kama..."

"Jamani, mnatafuta kicheko?"

Tuligeuka wote. Alikuwa mlinzi wa kambi, filimbi shingoni, ufagio mkononi, uso umejaa furaha ya mtu ambaye siku yake imekuwa na habari.

"Kuna kicheko cha mtu ofisini kwangu tangu saa tatu," akasema. "Nilikuwa nafagia, nikagonga kikombe, kikaanguka, nikaona meno yananiangalia. Nusura nipige filimbi."

Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja chenye meza, kalenda na daftari la wageni. Juu ya daftari palikuwa na bilauri iliyofunikwa na sahani.

"Nimeyafunika," akaeleza. "Siwezi kuandika kitu kinanicheka."

Nilimshukuru, nikaondoa sahani, nikayatoa. Yalikuwa mazima, ila ukingo wa chini, upande wa kushoto, ulikuwa umemeguka kipande kidogo kama nusu ya punje ya mchele. Nikapitisha kidole gumba. Palikuwa pakali. Akiyavaa hivi yatamchana ufizi kabla ya jioni.

"Yameharibika?" mume wangu akauliza.

"Ukingo tu. Nahitaji..."

Hakusubiri nimalize. Alikuwa ameshatoka. Nilipofika kwenye gari, sanduku lake la vifaa lilikuwa wazi juu ya nyasi na alikuwa anachambua karatasi za msasa, akizisikiliza kwa ncha za vidole.

"Hii," akasema. "Ndiyo laini kuliko zote. Tunaitumia kwenye madirisha ya ndege."

"Iwe na maji."

"Najua iwe na maji."

Akaimwagia maji kutoka kwenye chupa, akaniketisha kwenye ngazi ya gari, akachutama mbele yangu akiwa ameshika kikombe. Nikaanza kusugua, duara ndogondogo. Kila nilipotaka maji, kikombe kilikuwa tayari kimesogea. Sikuwa nimemwambia lini. Alikuwa akitazama vidole vyangu tu.

Hivi ndivyo tulivyojuana. Alikuja kwangu siku moja na jino la mbele limevunjwa na spana, amejiziba mdomo kwa leso, nikamtengenezea jingine. Alirudi baada ya siku mbili akisema linacheza. Halikuwa linacheza. Alirudi mara nne. Mara ya nne nilimwambia, "Fundi, jino hili litakuzika. Unataka nini hasa?" Akasema, "Fundi, nataka kukuona unafanya kazi." Tukaitana hivyo kwa miaka mingi, mimi Fundi na yeye Fundi, mpaka watoto wakaja, kisha kazi, kisha mama yake, na jina likapotea bila mtu kujua lilipoangukia.

Nikapima ukingo kwa ngozi ya ndani ya kifundo cha mkono. Bado. Nikasugua tena. Vidole vyake vilikuwa vimelowa, vikagusa vyangu nilipochovya, wala hakuviondoa haraka.

"Tayari," nikasema.

Mwalimu alishika shuka kama pazia upande wa gari, amegeuza uso kwa adabu, na mimi nikaingia ndani ya pazia na mama mkwe wangu.

"Fungua, Mama. Taratibu. Sasa uma."

Akauma. Akakunja uso, akaonyesha kushoto.

Nikayatoa, nikasugua kidogo, nikayarudisha. Akauma tena. Akaonyesha palepale lakini bila kukunja uso. Mara ya tatu alifunga mdomo, akausikiliza kwa ndani, akafumba macho.

"Yanachoma?"

Alifumbua macho akanitazama kutoka karibu sana, mikono yangu ikiwa bado kwenye mashavu yake.

"Hayachomi," akasema. Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu aliyelipa kwa kila neno alilolimeza njiani: "Sasa muiteni huyo mwanaume."

Shuka likashuka. Mume wangu akaja, akifuta mikono.

"Nimekaa mle ndani saa mbili bila mdomo," mama yake akasema, "kwa hiyo nimesikiliza. Mnajua mnavyozungumza nyie? *Kata kushoto. Sawa. Maji yapo? Yapo.* Kama watu walioajiriwa na kampuni moja."

"Mama..."

"Subiri, sijamaliza, ndiyo kwanza nimepata vifaa. Kambini mnong'ono haufichiki. Asubuhi niko kwenye karo nasuuza kinywa, nasikia mnanong'onezana nani aanze kuwaambia. Nikaelewa ni nini. Nimewajua muda mrefu, siyo leo. Nikaja mbio niwaseme wote wawili. Nafika, mko garini, kila mtu na uso wake. Nikaingia, nikafungua mdomo nianze. Hamna kitu."

Mwalimu alikohoa kwa namna ambayo haikuwa kikohozi.

Mama mkwe akanigeukia mimi. Sauti ilishuka.

"Nilikupinga," akasema. "Kwa wajomba zako, mbele ya kila mtu, kwa mdomo huu. Na mdomo wenyewe ni wewe umenitengenezea. Mara ya kwanza sikukushukuru. Leo nakushukuru kwa zote mbili, mwanangu. Ukienda, nenda. Lakini usiende kwa sababu ya huyu asiyejua kusema."

Hakuwahi kuniita mwanangu. Siku zote nilikuwa mke wa mwanawe. Niliinama kukusanya msasa ili nisimjibu kwa machozi.

"Bibi amepona!" Spika akatangaza kambi nzima.

"Kwenda wapi?" Mwalimu akauliza. Alikuwa hatabasamu tena. "Mama anakwenda wapi?"

Nilimwangalia mume wangu, yeye akaniangalia. Ziwa lilikuwa mbali, na ratiba ilikuwa imeshavunjika.

"Mama amepata kazi nzuri mji mwingine," akasema. "Mimi na yeye tulikuwa tumeanza kuzungumza jambo hilo, tukaacha katikati. Tutalimaliza. Tukilimaliza nitakwambia mwenyewe, sitakuficha. Unaniamini?"

Alifikiri, kama afikirivyo kila jambo. "Mkilimaliza wote wawili?"

"Wote wawili."

"Haya."

"Tuondoke," nikasema. "Jua linakwenda."

"Orodha!" Spika akadakia. Alikuwa ameshaichomoa kadi kwenye kamba yake. "Leo nasoma mimi. Nimeshajua kusoma. Baba anagusa."

Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumkatalia. Akasimama juu ya jiwe, kadi mbele ya pua, akasoma kila neno kama mtu anayepanda ngazi. Vi-gi-ngi ku-mi na si-ta. Mume wangu akazunguka gari. "Nimegusa." Mtu-ngi. "Nimegusa." Sanduku la dawa lilimchukua Spika muda mrefu mpaka mlinzi wa kambi akaja kusimama na ufagio wake kusikiliza.

"Kumi na tisa. Ki-ko-mbe cha Bi-bi."

Mama mkwe akafungua mdomo, akayagonganisha meno mara mbili, *ka, ka*.

"Nimegusa," mume wangu akasema haraka.

"Hujagusa!"

"Athubutu," akasema Bibi.

Hata Mwalimu alicheka. Tukaendelea hadi ishirini na tatu, watoto wawili, naye akawawekea mkono vichwani mmoja baada ya mwingine, akaukawiza kidogo kuliko kawaida. "Nimegusa. Nimegusa."

Nikafungua mlango wangu.

"Bado," Spika akasema. Alikuwa ameigeuza kadi. "Kuna nyuma."

"Nyuma hakusomwi," mume wangu akasema.

"Kama hakusomwi, kwa nini kumeandikwa?" Mwalimu akauliza.

Nikasimama na mlango mkononi. Orodha yetu ya kwanza kabisa, kabla ya watoto, tulikuwa wawili na hema la kuazima, vitu tisa vimeandikwa kwa kalamu. Mimi niliongeza cha kumi kwa mzaha: *Fundi*. Alipofika pale aliacha kusoma. Nikaweka kiganja changu kifuani kwake nikasema nimegusa, na yeye akaninyang'anya zamu, akanitaka nisome ili aguse na yeye. Kwa miaka kadhaa ilikuwa ndiyo namba ya mwisho. Kisha mama yake akaja kuishi nasi, mume wangu akachapa orodha mpya yenye kikombe cha buluu, na tangu hapo alisoma hadi watoto wawili akaishia hapo. Nilidhani ameiondoa. Sikuuliza. Yeye ndiye aliyekuwa akishika kadi, mimi nikizunguka gari.

"I-shi-ri-ni na nne," Spika akasoma. "Fu-ndi." Akainua macho. "Fundi ni nani?"

Nilimwendea nikaichukua kadi mkononi mwake. Herufi zilikuwa zilezile za mbele, zimechapwa siku hiyohiyo. Ila plastiki, juu ya neno hilo tu, ilikuwa imechakaa, imepoteza mng'ao, doa la duara lenye ukubwa wa dole gumba. Nilijua namna anavyoishika kadi. Vidole vinne mbele, dole gumba nyuma.

"Kila mara?" nikamuuliza.

"Kila mara," akasema. "Nilikuwa naogopa kuisoma kwa sauti. Nisome, halafu nione unasita."

"Baba!" Spika akaita kutoka juu ya jiwe. "Nimeshasoma. Gusa!"

Akaja. Mkono wake ulikuwa bado na unyevu wa msasa, una harufu ya chuma na chai. Akauweka shavuni kwangu, nami sikusita.

"Nimegusa," akasema.

"Sauti!"

"Nimegusa!" Kisha, kwa sauti ambayo Spika asingeisikia hata kama angetaka, akanipa kile alichokatishwa pale kwenye karo. "Nilikuwa nasubiri uniulize kama nitakufuata. Usiende peke yako. Ndege ziko kila mji, Fundi."

Nilikuwa na mengi ya kumuuliza, juu ya zamu, juu ya mama, juu ya miaka ambayo dole gumba lilikuwa likisema na mdomo umefungwa, na nilitaka kuyauliza moja baada ya jingine, kwa sauti, yeye akinijibu. Nikaweka tu mkono wangu juu ya mkono wake, ukabaki pale mpaka mlinzi wa kambi akakumbuka kuwa ana kazi.

Tukaingia garini. Safari hii niliketi nimegeuka kidogo kuelekea kwake.

"Kwa hiyo tukifika ziwani," Mwalimu akasema, akiwa na ratiba mbele yake na kalamu mkononi, "kwanza kuogelea, halafu mazungumzo?"

"Yameshaanza," nikamwambia.

Akaandika kitu. Gari likatoka langoni, likashika barabara ileile ya asubuhi.

"Bibi, ng'ombe!"

Mama mkwe wangu akaushusha mtandio mabegani, akatazama nje kwa muda wa kutosha.

"Ni walewale," akasema, kwa sauti iliyojaza gari. "Na bado wamekonda."